Chuma cha Ugweno na Mali Isiyo na Uzito

Siku hizi twaambiwa na wataalamu wa uchumi ya kwamba dunia imetua mzigo wake. Zamani, wasema, taifa lilihesabiwa kuwa tajiri kwa wingi wa makaa ya mawe liliyochimba, kwa tani za chuma lilizoyeyusha, na kwa urefu wa reli lilizotandika. Leo utajiri umekuwa mwepesi kama pumzi. Ni maarifa, ni programu za kompyuta, ni fedha zipitazo hewani bila ya kushikwa na mkono wa mtu. Na hizo si porojo. Miongoni mwa makampuni yenye thamani kubwa kuliko yote duniani yako ambayo hayana tanuri wala karakana ya kutengenezea kile yanachokiuza. Watu wao huchora na kubuni, na kazi ya mikono hufanywa na wengine katika nchi za mbali.

Hatukusudii kubishana na wataalamu hao kabla ya kuwasikiliza. Twaona tu kwamba jambo hili limekwisha kuzungumzwa mno kwa macho ya London na California, na kwamba ingefaa litazamwe pia kutoka Msangeni. Msomaji asiyepajua Msangeni na ajue kuwa ni kata ya Ugweno, katika Wilaya ya Mwanga, juu ya milima ya Upare ya Kaskazini. Ni nchi ya migomba na kahawa, ya miteremko mikali na njia nyembamba zinazozunguka. Kutoka katika migongo ya milima hiyo mtu aweza kuiona Kilimanjaro upande mmoja, na upande mwingine bonde kavu ambamo hupita reli pamoja na barabara kuu iendayo Same na Moshi. Leo mgeni hataona hapo moshi wa kiwanda. Walakini, kwa muda mrefu kabla ya kuja Wazungu, Ugweno ndiyo iliyokuwa karakana ya chuma ya nchi hizi.

Habari zake twazipata hasa kwa Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye katika miaka ya 1960 alikaa na wazee wa Upare akayasikiliza masimulizi yao, na kitabu chake juu ya historia ya utawala wa Wapare kikatolewa mwaka 1969. Masimulizi yasema kwamba watawala wa kwanza wa Ugweno walikuwa watu wa ukoo wa Washana, nao walikuwa wahunzi. Baadaye ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, uliwapindua, na Mranga mwana wa Angovi akaupanga utawala upya. Washana walinyang'anywa kiti, lakini hawakunyang'anywa nyundo. Watawala wapya wangeweza wapi, na hali majembe, mashoka na mikuki ilitoka kwa hao hao? Hata Wachagga wa Kilimanjaro, ambao wahunzi wao walisifiwa kila mahali kwa kufua mikuki, walikipata chuma chao kwa sehemu kubwa kutoka Ugweno.

Na tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wetu twalitaja neno uhunzi bila ya kulijua jasho lake. Washana hawakuchimba mwamba. Walikusanya mchanga mweusi unaoletwa na vijito baada ya mvua. Mchanga huo huoshwa majini. Udongo mwepesi huchukuliwa na maji, na punje nzito zenye chuma hubaki chini. Makaa yakachomwa kwa miti migumu. Tanuri likafinyangwa kwa udongo, na mivukuto ya ngozi za wanyama ikatiwa midomo ya udongo iliyoelekezwa motoni. Watu wakavukuta kwa saa nyingi bila ya kuacha moto ulegee. Kilichotoka hakikuwa chuma safi bali bonge lililochanganyika na taka, ambalo lilipashwa moto tena na kupigwa juu ya fuawe mpaka mavi ya chuma yamtoke. Mavi hayo yangali yakionekana katika ardhi ya Upare ya Kaskazini, na katika miaka ya karibuni wataalamu wa mambo ya kale wameyapima na kuyachunguza ili kujua kazi hiyo ilivyofanywa.

Basi mali ya Washana ilikuwa nini? Mchanga mweusi ulikuwa mali ya kila mtu aliyeweza kuinama kijitoni. Miti ilikuwa ya wote, na ngozi za mbuzi hazikukosekana katika nyumba yoyote. Kile ambacho jirani hakuwa nacho ni kujua: ni mchanga wa kijito kipi, makaa ya mti gani, pepo kiasi gani, na rangi gani ya moto humwambia mhunzi kuwa sasa bado na sasa tayari. Hayo hayakuwekwa katika kikapu wala kupimwa kwa mizani. Baba alimwachia mwana, na kwa sababu hiyo ukoo mmoja uliweza kupoteza utawala na bado ukaendelea kuhitajiwa na aliyeuchukua. Kwa hiyo tunaposikia leo kwamba mali isiyo na uzito ni jambo jipya lililozaliwa pamoja na kompyuta, twashangaa kidogo. Washana wangelielewa jambo hilo bila ya kufasiriwa.

Kilichokuwa kipya kwao kilikuja kutoka pwani. Misafara ya Wapwani ilipita chini ya milima hii kwa kulifuata bonde la mto Pangani, ikileta nguo, shanga na seng'enge. Chuma cha seng'enge kilikuwa kimekwisha kuyeyushwa Ulaya. Mhunzi alichotakiwa ni kukipasha moto na kukipinda. Halafu yakaja majembe ya viwandani. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka 1911 ikafika Moshi, ikiwa imepita Same na vituo vingine chini ya milima. Tangu hapo jembe lililotoka ng'ambo liliweza kununuliwa dukani kwa bei ambayo tanuri la udongo halikuweza kushindana nayo.

Twaomba msomaji aangalie vizuri jinsi mambo yalivyokwenda, kwa kuwa hapo ndipo penye shauri letu. Uhunzi wa Ugweno haukufa siku moja. Kwanza kilikufa kile kilicho kigumu kuliko vyote, yaani kukitoa chuma katika mchanga. Kufua kuliendelea, kwa kutumia vyuma vikuukuu na chuma kilichonunuliwa. Kisha kufua nako kukapungua, ikabaki kutia mpini, kunoa na kutengeneza kilichovunjika. Katika kila hatua kazi ilizidi kuwa nyepesi, na mtu asiyefikiri angeweza kusema kwamba Wagweno wamestarehe: hawakati tena miti, hawavukuti tena usiku kucha, jembe lapatikana dukani. Hapana anayetaka kumrudisha mtu kwenye mateso hayo. Lakini pamoja na jasho yaliondoka maarifa, nayo hayakuandikwa mahali.

Mambo ya namna hiyo yalitupata mara ya pili, tena yakatupata taifa zima. Chini ya milima ya Upare, kandokando ya ile reli, kulikuwa na mashamba ya mkonge. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na baada ya miaka mingi Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa kuutoa. Manamba walitoka mbali, wengine mpaka ng'ambo ya mto Ruvuma, wakaja kukata majani yenye miiba kwa kipimo cha mafungu. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000. Wakati huo huo huko Italia mtaalamu wa kemia, Giulio Natta, alikuwa amekwisha kuvumbua mwaka 1954 namna ya kutengeneza plastiki ambayo yaweza kuvutwa kuwa nyuzi nyepesi, zisizooza na zisizohitaji shamba. Mwaka 1963 yeye na Karl Ziegler wa Ujerumani walipewa Tuzo ya Nobel. Sisi tulikuwa tukihesabu robota bandarini Tanga, wala hatukujua kwamba hukumu ya zao letu imekwisha kuandikwa katika chumba cha majaribio huko Milano. Bei ilianguka, na wakulima wa Ulaya na Marekani wakaanza kufungia nyasi zao kamba za plastiki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mazao yetu ya mkonge yalikuwa yameshuka hadi tani kama 20,000 kwa mwaka. Reli ilikuwa pale pale na mashamba pale pale. Kilichotushinda hakikuwa na uzito wa ratili moja.

Serikali ya TANU haikukaa kimya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya tusidhani kuwa fedha na viwanda ndiyo chanzo cha maendeleo, bali watu na bidii yao na akili zao. Baada ya Azimio vikajengwa viwanda vya kutuondolea aibu ya kuagiza hata nguo na jembe. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na kule Ubungo Wachina wakatusaidia kujenga kiwanda cha zana za kilimo ambacho majembe yake yalilimia mikoa yote. Wako wasomaji waliolimia majembe hayo, nao hawahitaji kuambiwa yalivyokuwa. Yaliyovipata viwanda vyetu vingi katika miaka iliyofuata yanajulikana, na si kusudi letu kuyarudia hapa. Itoshe kusema kwamba majembe ya kutoka ng'ambo yamerudi kujaa madukani, na yamepanda tena mpaka Ugweno.

Sasa twafika kwenye simu. Mwaka 2007 ndugu zetu wa Kenya walianza kutumiana fedha kwa simu za mkononi, na mwaka 2008 jambo hilo likaingia kwetu. Mwaka 2009 mkongo wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na ukafuatwa na ule wa taifa uliosambazwa mikoani. (Tazama jinsi herufi moja tu inavyotenga mkonge na mkongo, yamkini wajukuu zetu watadhani ni kitu kimoja.) Mtu asiyekubali kwamba hayo yameleta faraja kubwa hasemi kweli. Mama wa Msangeni ambaye mwanawe yuko Dar es Salaam alikuwa akingoja bahasha mkononi mwa kondakta wa basi, au hawala ya posta iliyomlazimu kushuka mlima na kuupanda tena. Leo ujumbe waingia simuni akiwa shambani kwake, naye aenda kwa wakala na kupokea fedha ya mbolea au ya matibabu kabla jua halijatua. Kwa wepesi huo hatuna ila shukrani.

Na wepesi una mambo yake. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwaletea Wapare kodi ya mbiru, iliyotaka kila mtu akadiriwe mali yake peke yake. Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupimwa mali kwa kipimo wasichokiona, na mwaka 1945 maelfu yao walishuka mpaka bomani Same kulisema neno hilo, wakakaa huko. Baadaye kodi hiyo ikaondolewa. Mwezi Julai mwaka 2021 Serikali yetu ilianza kutoza miamala ya simu, wananchi wakalalamika, na mwezi Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Hatufananishi serikali ya kikoloni na ya wananchi, Mungu apishe mbali. Twasema tu kwamba fedha iliyoonekana haina uzito iliweza kumwelemea mtu mara moja.

Lakini tusiishie kwenye tozo, kwa kuwa liko swali kubwa zaidi, nalo ni lile la Washana. Katika mali hii mpya, ni nani anayejua? Tukiwatazama vijana wetu wa Mwanga, Same na Moshi twawaona katika kazi za mwisho wa mnyororo. Mmoja ni wakala wa fedha, mwingine auza simu zilizokwisha kuundwa, wa tatu hupiga picha na kuzipeleka katika mitandao yenye wenyewe ng'ambo. Ni kazi halali, na zimewatoa wengi katika uvivu. Hata hivyo zafanana mno na kutia mpini kwenye jembe la Mzungu. Kuyeyusha kwafanyika kwingine.

Huko kwingine, uzito haukwisha. Atakaye kuusadiki aende Kolwezi katika Kongo, ambako watu huchimba kobalti ya kutilia betri za simu, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka katika nchi hiyo. Aende Rubaya, Kivu ya Kaskazini, aone vijana wakishuka mashimoni kutafuta koltani, na udongo ukiwaangukia. Au asiende mbali, afike Nairobi tu. Mwaka 2023 ilijulikana duniani kote kwamba vijana wa huko walikuwa wakilipwa chini ya dola mbili za Kimarekani kwa saa moja ili wasome maneno machafu na habari za ukatili siku nzima, wakiyatia alama, ili mashine ya kuzungumza ya Wamarekani ijifunze yasiyofaa kusemwa. Kazi hiyo haichafui mikono. Wengine walieleza kwamba iliwaondolea usingizi. Nazo kompyuta kubwa zinazohifadhi mambo ya dunia zatumia umeme kama mji, na umeme hauumbwi kwa maneno. Sisi wenyewe tulilazimika kumimina saruji katika mto Rufiji ili tupate megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere. Aliyeko Upare hana haja ya kwenda Rufiji kuliona jambo hilo. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, liko pale bondeni, na mitambo yake ya megawati nane yatoa mwanga mpaka leo.

Kwa hiyo hatukubali neno kwamba dunia imetua mzigo. Imeugawa. Wako walioshika maarifa, wako walioshika sepetu, na katikati wako wanunuzi. Sisi tumewahi kuwa katika fungu la kwanza, hapa hapa Ugweno, kisha tukawa katika la pili wakati wa mkonge, na sasa hatari ni kuzoea fungu la katikati, ambalo ni zuri kukaa kwa kuwa halichoshi.

Wako watakaotujibu kwamba nchi maskini haiwezi kuunda vipande vya ndani ya kompyuta, vinavyotengenezwa katika viwanda vya mabilioni ya dola. Ni kweli, wala hatutaki kudanganya watu. Lakini sehemu kubwa ya mali hii haihitaji kiwanda cha namna hiyo. Yahitaji hesabu, lugha na ustahimilivu. Mtaala mpya wa shule umeanza kutumika mwaka 2024, na ndani yake mna mkondo wa amali. Twaupokea kwa furaha, na twaomba wakuu wa elimu wauangalie kwa jicho kali jambo moja: mtoto wa Ugweno asifundishwe tu kuibonyeza kompyuta na kuandika barua kwayo, akatoka na cheti. Afundishwe kuiamuru. Aandike yeye mwenyewe hesabu ya ghala la kahawa la chama chake cha ushirika, na kama hesabu hiyo ikikosea, aitafute kosa mpaka usiku. Kiswahili nacho, ambacho mashine za Wamarekani zinajifunza hivi sasa kwa kuyasoma maandishi yetu, kisiachwe kifunzwe kwa mashine na watu wasiokijua. Hiyo ni mali ambayo mchanga wake umejaa katika vijito vyetu vyote.

Tena tusiwadharau mafundi tulionao. Katika kila stendi ya mabasi, Same na Mwanga, yuko kijana mwenye meza ndogo, taa, lenzi na chuma cha lehemu. Huletewa simu iliyoanguka majini, ambayo aliyeiunda asingependa ifunguliwe. Kijana huipuliza kwa hewa ya moto kutoka kwenye kijitambo chake, akitazama lehemu ikianza kung'aa, na kwa kung'aa huko ajue kuwa sasa bado na sasa tayari. Hakufundishwa na chuo chochote. Alijifunza kwa kuketi karibu na mwingine. Maofisa wa elimu ya ufundi wakimwona, mara nyingi humwuliza cheti. Ingefaa wamwulize anajua nini, wakaandike.

Na walimu wa shule za Ugweno twawaomba neno moja dogo, lisilo na gharama. Redio iliyokufa huwa na sumaku nyuma ya spika yake. Wakaitoe, wakaifunge kwa uzi, na baada ya mvua wakashuke na watoto mpaka kijitoni, waiburute polepole juu ya mchanga. Itatoka ikiwa imejaa manyoya meusi. Ni ule mchanga wa Washana.